Jumapili Niliyokwenda Ukweni Mikono Mitupu

Nikiulizwa ninakopata hadithi zangu, huwa nadanganya. Nasema nazipata safarini. Walimu wanaonialika shuleni mwao, Migori na Homa Bay, hulipenda sana jibu hilo, na wanafunzi huliandika kwenye madaftari, nami napewa soda na kupigwa picha. Ukweli ni kwamba kwa miaka kumi na minne riwaya zangu zote zimetoka jikoni kwangu hapa Suna, kwa mwanamke mmoja anayechambua omena, wale dagaa wa ziwani.

Mwanamke huyo ni mke wangu. Ni fundi wa nguo, ana cherehani yake sokoni, na mtu anayepimwa kiuno hawezi kukaa kimya. Kutwa nzima anamiminiwa siri za watu. Jioni akirudi humwaga omena kwenye ungo, vidole vikaanza kutoa mchanga na vijiti, na mdomo nao ukaanza kazi yake. Mimi hukaa kando nikijifanya nasoma gazeti. Akienda kuoga nalikimbilia daftari langu na kuandika mbiombio kabla maneno hayajapoa. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani anajua, tena nilidhani hajali, na mwenye dhana mbili za namna hiyo haoni haja ya kuuliza.

Ajabu ni kwamba kwa mambo mengine yote mimi ni mtu wa shaka. Jirani akinisalimia mara mbili kwa siku moja najiuliza anataka nini. Mhariri wangu akiniandikia kwamba sura fulani ni nzuri, naisoma barua yake mara tatu nikitafuta mahali alipoficha lawama. Nimeishi vizuri na tabia hii; imenilisha. Mwandishi asiyeshuku watu ataandika nini?

Mwaka jana, miezi michache baada ya riwaya yangu ya mwisho kutoka, hadithi zilikatika. Mke wangu akawa anachambua omena kimya. Nikimuuliza sokoni kulikuwaje, ananijibu, "Kulikuwa tu sawa." Nikasema basi, kama kisima cha nyumbani kimekauka, nitakwenda kweli huko safarini ninakokusema kila siku. Nikapanda boti ya injini pale Mbita, nikaenda Remba.

Remba ni kisiwa kidogo kilichojaa mabati na watu hadi ukingoni mwa maji. Nilifika na daftari, nikakaa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga samaki, nikaanza kuandika. Hata ukurasa haujajaa akanisimamia na mwiko mkononi.

"Wewe ni wa fisheries ama wa kodi?"

"Mimi ni mwandishi wa hadithi, mama."

Akacheka hadi akashika ubavu. "Hiyo ndiyo wa kodi husema."

Tangu hapo kila nilipokaa watu walihama. Wavuvi walinyamaza nikikaribia, akina mama wakafunika mabeseni ya omena kana kwamba nimekuja kuyahesabu. Siku ya tatu nilirudi nyumbani na mafua pamoja na ukurasa mmoja kuhusu mbwa. Nilimsimulia mke wangu kisa chote, naye alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, "Lakini hao walau walikuona ukiandika."

Nilijua kuna kitu ndani ya maneno hayo, ila nilitazama upande usio wake. Nilianza kumshuku yeye.

Sababu nilikuwa nazo. Sisi ni Wasabato. Jumamosi ni ya kanisa, na Jumapili kwa kawaida yeye hufungua kibanda chake mapema kuliko wenzake. Sasa kila Jumapili alikifunga akaenda kwao Rangwe. "Mguu wa mama unamsumbua," alisema. Mara ya kwanza nilimwambia ampe mama pole. Mara ya nne nilijiuliza ni mguu gani huo unaouma Jumapili tu. Alikuwa akirudi na wino kidoleni. Kidole cha fundi wa nguo kina chaki, kina alama za sindano, lakini wino? Alikuwa akirudi akiimba. Mkobani mwake, siku nilipotafuta funguo ambazo kusema kweli sikuwa nimezipoteza, nilikuta kalamu mbili mpya, na binti yetu wa pekee yuko shule ya bweni Homa Bay.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nililala na methali hiyo wiki nzima. Kwa kuwa kazi yangu ni kubuni watu, nilimbuni yule mwanamume. Nilimfanya mwalimu mstaafu, nikampa pikipiki, nikampa sauti nzito ya kuimba besi. Niliandika kurasa tisa juu yake, na zilikuwa kurasa nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka ule. Niseme wazi kwamba niliona wivu. Nikaona na woga, maana bila mke yule sikuwa na nyumba wala kazi.

Jumapili iliyofuata nilimpa saa moja ya kutangulia, nikamfuata. Nilibadilisha gari Rongo, nikabadilisha tena Rodi, nikashuka Rangwe saa sita mchana na jua la utosi. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa wakwe zangu, peke yangu, mikono mitupu, bila kumwambia mtu yeyote.

Asiye wa huku hataona kosa langu liko wapi. Kwetu mwanamume haingii ukweni hivyo. Hupeleka habari siku kadhaa kabla, huja na wenzake, hubeba sukari na nyama, na mama mkwe hupata muda wa kujitayarisha, maana mimi na yeye tunaheshimiana kwa umbali: hatushikani mkono, hatukai tukitazamana, hatuli mahali pamoja. Kuna hali moja tu inayomfanya mkwe atokee ghafla, peke yake, viatu vimejaa vumbi na hana kitu mkononi. Habari ya kifo cha mtu wa karibu haitumwi kwa simu. Huletwa na mtu, kwa miguu yake.

Nayajua haya. Nimeyaandika katika riwaya mbili. Lakini siku ile nilikuwa na mwalimu wangu mstaafu kichwani, na hakukuwa na nafasi ya kitu kingine.

Wa kwanza kuniona alikuwa mke wa shemeji yangu, aliyekuwa akipalilia kando ya njia. Alinyooka, akanitazama usoni, akanitazama mikono. Akatupa jembe, akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi. "Uuuwi! Uuuwi!" Jirani wa ng'ambo akaupokea. Wa nyuma ya nyumba akaupokea. Kabla sijafika uani watu walikuwa wakitoka mashambani mbio, na kuku wanatawanyika.

Mke wangu alitoka nyumbani mwa mama yake akikimbia, bila viatu, ameshika daftari kifuani. Aliponiona alisimama kana kwamba amegonga ukuta. Nyumba yetu ina watu watatu. Mmoja alikuwa amesimama pale, wa pili alikuwa mimi.

"Ni yeye?" aliniuliza. "Shuleni wamekupigia? Sema! En ng'a? Ni nani? Ni mtoto?"

Nilipaswa kujibu. Neno moja tu lilitosha. Lakini macho yangu yalikuwa yameshuka kwenye lile daftari. Lilikuwa daftari nene la kurasa mia mbili, nusu yake imetuna kwa kuandikwa, na kidole chake kilikuwa bado katikati ya kurasa alipoachia. Nikaona mwandiko wake, mistari imejaa hadi pembeni. Nikaelewa kwamba hakuna mwalimu mstaafu. Nikaelewa ni hadithi, na kwamba si zangu. Kisha niliinua macho nikamtazama usoni, na nikagundua naangalia jinsi midomo yake inavyotetemeka, mmoja kabla ya mwingine. Nilikuwa naiweka akiba ya kuandika.

Sijui nilinyamaza kwa muda gani. Wanawake walikuwa wameshamshika mabega asianguke.

"Hakuna," nilisema. "Mtoto ni mzima. Hakuna kitu. Nimekuja tu."

"Umekuja tu," akarudia.

Haikuwa kazi rahisi kuwarudisha watu mashambani mwao. Wazee wawili walikataa kuamini mpaka tulipopiga simu shuleni na binti yetu akaletwa aongee, akiuliza kwa hofu kuna nini nyumbani. Mama mkwe aliagiza kuku achinjwe hata hivyo, kwa sababu mkwe ni mkwe hata akija kama mwizi. Nilimla peke yangu nyumbani kwa shemeji. Mke wangu aliniletea maji ya kunawa. Hakuwa analia tena.

"Ulinishuku," alisema.

"Ulikuwa unanificha."

"Nilikuwa nakuficha, ndiyo. Kitabu chako walikisoma hapa kanisani, kwa kikao cha kina mama. Mama alikaa hapo akasikia maisha yake yakisomwa na mtu mwingine, tena mwisho umegeuzwa. Si mimi ndio nilikuambia hiyo mambo ya ghala? Nilikuambia wewe. Sikuambia watu. Sasa Mama ananisimulia, naandika mwenyewe."

Mambo ya ghala yalikuwa sura iliyosifiwa kuliko zote. Msichana anajificha ndani ya ghala la mtama siku vijana wa bwana harusi wanapokuja kumchukua, nao wanamtoa wakimburuta, analia hadi ng'ambo ya mto. Wasomaji wameniambia walilia pia.

Jioni ilipokaribia, mama mkwe alitoka akaketi mlangoni mwake, akanipa mgongo kama ilivyo heshima, akazungumza na binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi niliyesimama chini ya paa la jikoni. Aliniita or, jina ambalo kwa Kijaluo ni mkwe.

"Mwambie or, mimi sikuburutwa. Nilikaa huko ndani nikafikiria, nikaona huyo kijana ni mzuri. Nikatoka mwenyewe. Nilibeba kuku yangu nikatangulia mbele, wao ndio walinifuata."

Mke wangu alinigeukia, akarudia kila neno, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikasema nimesikia, na naomba radhi. Naye akamgeukia mama yake akampelekea radhi yangu.

Mama mkwe akaongeza, "Na umwambie kitu kingine. Mtu akiulizwa juu ya mtoto wake, hujibu kwanza."

Hilo mke wangu hakulirudia. Aliniangalia tu, nikajua kwamba naye aliuona ule ukimya wangu na alijua nilikuwa nafanya nini ndani yake.

Nilirudi Suna peke yangu. Yeye alirudi siku ya tatu, akafungua kibanda chake, na jioni akamwaga omena kwenye ungo kama kawaida. Sijachapisha kitu tangu hapo. Zile kurasa tisa nilizichoma, na daftari lake sijaligusa, ingawa analiacha juu ya meza, wazi, kila siku.

Sasa hanifichi kitu. Asubuhi, kabla sijafungua mdomo, ananiambia anakwenda wapi, atapanda gari gani, atakutana na nani, atarudi saa ngapi. Akirudi ananieleza tena, hatua kwa hatua, kwa sauti ya mtu aliyeitwa ofisini kwa chifu kuandika taarifa. Namwambia sijamuuliza. Anasema anajua, kisha anaendelea mpaka mwisho. Akimaliza anainamia omena zake, nami nakaa palepale kando yake nikingoja, lakini huwa amemaliza kweli.