Hatua za Mukamazimpaka

Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha mawingu yakabaki yamelala juu ya ziwa.

Siku hiyo Kampire, muuza maharage wa mtaa wa Mbugangari ambaye watu humwita Mama Sano, alirudi kliniki. Shinikizo lake la damu lilikuwa juu, na mama yake mzazi aliwahi kuanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Mwezi uliotangulia, muuguzi Kabatesi, aliyekulia Tanzania, alikuwa amempa kifaa kidogo cha kuhesabu hatua, akivae kiunoni na kutembea kila siku.

Kabatesi alikisoma mbele ya wanawake waliokaa kwenye benchi. "Hatua elfu kumi na nne kwa siku. Mama Sano, wewe ndiye mwalimu wetu."

Wakampigia makofi. Kampire akatazama viatu vyake.

Kisha akapimwa. Kabatesi akarudia kupima, akakunja uso. "Unatembea hivi na bado presha haishuki? Basi namwandikia daktari akuongezee dawa."

Masikio ya Kampire yaliwaka. Yeye hushinda ameketi kwenye kigoda chake dukani. Kifaa alikuwa akikifunga kila asubuhi kwenye kitenge cha Mukamazimpaka, mwanamke anayembebea magunia kupitia kivuko cha mpakani cha Petite Barrière hadi Goma, kwenda na kurudi tangu asubuhi. Mukamazimpaka alipouliza, "Mama, hii kitu inafanya nini?" Kampire alimjibu kwamba inahesabu magunia, yasipotee.

Kalamu ikagusa karatasi, naye Kampire akamshika Kabatesi mkono.

"Dada, usiandike. Ile miguu haiko yangu."

Akaeleza yote, sauti ikififia. Donatille, jirani yake wa dukani aliyekaa kwenye benchi, akadakia. "Bon, basi makofi turudishe, tumupelekee mubebaji."

Benchi zima likacheka. Kabatesi hakucheka. Alichana karatasi polepole. "Ningekumezesha dawa kwa hesabu ya mwili wa mtu mwingine, mama. Anza na dakika kumi tu. Kwa miguu yako."

Kesho yake asubuhi Kampire alifunga kifaa kiunoni mwake, akamweleza Mukamazimpaka ukweli, akamsindikiza kuelekea mpakani. Mara mbili Kampire alisimama kuvuta pumzi, na mara zote mbili Mukamazimpaka alisimama akimngoja, gunia likiwa kichwani.