Mia Saba za Chausiku

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu Biubwa alinisema kwa vijiko vinne vya sukari. "Mwishehe, hiyo chai au unapika kashata?" Nikacheka. Siku ya nne tangu hapo nikamzika.

Skuli hakwenda. Alisuka mikeka, akahesabu miyaa, basi.

Baada ya chai tulikwenda kwa marehemu dada yake, Chausiku. Wanawake saba, Biubwa mmoja wao, walikuwa wanamsomea tahalili, la ilaha illallah mara sabini elfu, siku ya tatu ya msiba hiyo. Msimamizi alikuwa ustadhi Sufiani, kijana msomi, kanzu imenyooka, simu mkononi. Simu ilikuwa na akili. Yeye kaibeba tu.

"Sabini elfu kwa watu saba, kila mmoja elfu kumi," akatangaza. "Tasbihi ni mia, mmevuta mizunguko mia mia. Imetimia."

Watu wakainuka. Pilau ilishanukia.

"Ustadhi," Biubwa akasema, "tasbihi yako, kama hizi zetu, ina punje ngapi?"

"Mia, bibi."

"Hesabu."

Akahesabu mbele ya watu. Tisini na tisa. Akaigusa ile punje ndefu ya kwenye fundo la kamba, akaiacha. Hata yeye alijua haihesabiwi.

"Basi kila mmoja kapungukiwa mia. Watu saba, mia saba. Dada yangu hajatimiziwa."

"Sasa ilikuwa iweje?"

"Sabini elfu haigawiki kwa tisini na tisa. Inakwenda mara mia saba na saba, zinabaki saba. Nasi tuko saba. Kila mmoja mizunguko mia na mmoja, na punje moja juu."

Ustadhi akabonyeza simu. Akabonyeza tena. Simu, maskini, ikamkubalia bibi.

"Mia saba katika sabini elfu si kitu, bibi. Mungu anajua nia."

"Na kuhesabu anajua."

Wenzake wakaenda kwenye masinia. Nia yao ilikuwa na njaa. Biubwa akabaki mkekani peke yake, akavuta mizunguko saba na punje saba. Mimi nikamngoja mlangoni. Pilau yetu ikapoa. Leo ningeila hata ingekuwa barafu.

Ustadhi akarudi anafuta midomo. "Na kama umekosea hesabu, bibi?"

Biubwa akamjibu: "Nikikosea mimi, mwanangu, dada kazidishiwa. Ulivyokosea wewe, kapunjwa."