Mkutano wa Alhamisi Uani kwa Mwanamkuu

Kanyenye nzima, mtaa wetu, ilijua kwamba Mwanamkuu binti Selemani analewa, na Kanyenye nzima ilikubaliana kusema ana majini. Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ukuta tu, na nawaambia majini hayo yalinunuliwa kwa wapika gongo yakatiwa kwenye chupa ya chai. Alikuwa mpishi wa shughuli, na hakuna harusi ya maana mjini hapa iliyopita bila pilau lake. Akikaa mbele ya masufuria, chupa iko ubavuni, anamimina kidogokidogo, na wanawake wenzake wanaangalia pembeni. Pilau likiiva wanakula. Heshima ya ukoo imehifadhiwa!

Dawa alipewa. Alinyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya, akafukizwa ubani, akapelekwa kwa mganga huko Lusu, akarudi na hirizi na kiu ileile. Hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia namna ya kuliacha.

Aliyemwambia ni Imakulata, muuza mchicha kutoka Itetemia. Siku moja sokoni aliinusa ile chupa, akasema, "Dada, majini haya hata mimi nilikuwa nayo. Njoo Alhamisi alasiri." Akamwelekeza kwenye ukumbi wa kanisa, wanakokutana walioacha pombe na wanaohangaika kuiacha.

Mwanamkuu alipita mbele ya ukumbi ule, akageuka, akapita tena kana kwamba amepotea njia katika mji aliozaliwa. Mwishowe akaingia. Mzee Vedasto, mstaafu wa reli, ndiye aliyekuwa akiongoza. Hakumuuliza dini wala ukoo. Alimuuliza jina, na kama leo amekunywa. Mwanamkuu akasema kweli, amekunywa. Hakuna aliyeangalia pembeni. Aliniambia mwenyewe kwamba alilia kwa hilo tu, watu kumtazama usoni.

Akaendelea kwenda. Mikono ilitetemeka, usingizi ukamkimbia, akawa mkali hata kuku wa jirani walimkoma, na jirani ni mimi. Lakini pombe hakuigusa. Hapo ndipo mji ulipopata mdomo. Mwanamkuu amebatizwa! Buibui lake limeonekana likiingia kanisani! Alipokuwa akipika amelewa, chakula chake kilikuwa halali; sasa hana hata tone mwilini, eti chakula chake kina shaka. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Kaka yake Abasi, muuza vitambaa, alimjia harusi ya binti yake Yasmini ilipokaribia. Yasmini alifiwa na mama angali mchanga, shangazi ndiye aliyemlea, na sasa alikuwa amewekwa ndani nyumbani kwa shangazi huyohuyo, akisingwa mwili kwa manukato. Kumpikia mtoto yule pilau la harusi ndiyo ilikuwa ndoto ya Mwanamkuu.

"Chagua," Abasi alimwambia. "Ukumbi ule, au masufuria ya harusi. Watu hawatakula."

"Kwani kaka, tatizo nimekunywa au nimeacha?"

"Tatizo kanisa."

"Kanisa tu?"

"Kanisa tu, wallahi."

"Basi Alhamisi hii watakuja hapa uani kwangu."

Abasi akavaa viatu vyake akaondoka. Kiapo keshakula.

Mzee Vedasto alikubali, akawaambia wenzake asiyetaka kuonekana asije. Wakaja wachache, Imakulata miongoni mwao, wakatandikiwa mikeka. Nami nikapanda ndoo nikachungulia juu ya ukuta, sikatai. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na wanywa kahawa wa barazani ng'ambo ya barabara walikuwa wamegeuza shingo wote. Mwanamkuu alipoanza kusema, Abasi akatokea, akaingia, akaufunga ule mlango nyuma yake. Dada mtu akanyanyuka. Akaufungua, akauegemezea kinu usirudi, kisha akapaza sauti wamsikie mpaka barazani.

"Mimi Mwanamkuu binti Selemani, nilikuwa mlevi. Harusi zenu nilizipika nimelewa, mkala, mkasifu, mkanitunza kanga. Majini sina na sijawahi kuwa nayo. Nimeacha pombe, sijaacha dini. Mwenye kuona haya aone, mimi zangu zimekwisha!"

"Basi Jumapili hupiki," Abasi alisema. "Naleta mpishi mwingine."

"Mlete. Mimi Alhamisi ijayo niko na watu wangu."

Alisema hivyo, lakini nilimwona kidevu kinavyomcheza. Aliumia. Nilitamani niruke ukuta nimkabe Abasi.

Sasa, bibi harusi aliyewekwa ndani hapazi sauti, wala sauti yake haitakiwi kusikika na wanaume wa nje. Dirisha la chumba cha Yasmini likafunguka kidogo.

"Baba, shikamoo."

Walioketi mikekani wakageukia dirishani.

"Shangazi asipopika, mimi humu sitoki. Mwambie bwana harusi amuoe huyo mpishi mwingine."

Barazani mtu alipaliwa na kahawa. Abasi alitazama dirisha, akawatazama walioketi mikekani, akamtazama dada yake.

"Marahaba," alijibu hatimaye, na habari ya mpishi mwingine hakuirudia.

Mwanamkuu alikuwa keshaketi. "Kaa mkekani, kaka, au utupishe," alisema. "Imakulata anataka kuzungumza."