Jiko Lililokula Kila Kitu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mume wangu alikuja nyumbani kwetu, mtaa wa Likombe, na jiko la chuma juu ya mkokoteni. Alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa kilimo, Mzungu, aliyekuwa anarudi kwao, na badala ya kulitupa jiko lake akampa yeye. Lilikuwa zito, lina miguu minne mifupi, mlango wa kutilia moto, droo ya majivu na oveni ubavuni. Sisi tulikuwa tumezoea mafiga matatu uani. Mume wangu akatoboa ukuta wa jikoni, akapitisha bomba la moshi, akasimama kulitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe.

"Uzuri wake," akaniambia, "linakula kila kitu. Kuni, mkaa, vifuu, magunzi. Wewe lipe tu."

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchicha. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka mto kuja Kitaya, upande wetu, vita vilipoanza kwao, na mwanawe akamchukua tukae naye mjini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota, lakini alichosema kilieleweka.

"Kama linakula kila kitu," alisema, "basi kuchagua kumebaki kwetu."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa wakulima wa korosho, na ghafla nilikuwa na jiko ambalo hakuna mwanamke mwingine mtaani aliyekuwa nalo. Majirani walikuja kulishika. Mama mkwe yeye aliendelea kupika uji wake uani, juu ya mawe, na kila asubuhi alikwenda porini kutafuta kuni. Alirudi na mzigo mdogo kuliko wa wanawake wengine, kwa sababu vijiti alivyovikataa vilikuwa vingi kuliko alivyovibeba. Mimi nilimwona anapoteza wakati. Nilinunua kuni za mkoko kutoka kwa watu wa Msimbati, nikalijaza jiko mpaka mlango haufungiki, na wiki ile mikate yangu mitatu iliungua juu ikabaki mbichi katikati.

Mvua zikaanza, na Idi ikakaribia. Wazazi wangu walituma salamu kwamba watakuja kula Idi kwetu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuiona nyumba yangu, nami nilitaka wakute pilau juu ya jiko na mkate wa kumimina ndani ya oveni. Siku mbili kabla, mvua ilinyesha bila kupumzika na kuni zote uani zikalowa. Mama mkwe alikuwa ameficha fungu dogo kavu chini ya kitanda chake.

"Chukua hizi, mwanangu," aliniambia asubuhi ya Idi. "Zinatosha sufuria moja. Pilau ikiiva, inatosha. Mkate uache."

Sikutaka kuuacha mkate. Nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na gunia la maganda ya korosho, mabaki ya kubangua, yaliyokaa chini ya bati yakabaki makavu. Nilikwenda kuomba. Nilipoingia nalo, mama mkwe alisimama.

"Hayo usiweke ndani ya nyumba. Yana mafuta yanayochoma."

"Mama, mimi nimezaliwa kwenye mikorosho," nilimjibu. "Na jiko hili lina bomba."

Nilimjibu hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Akaenda kusali.

Maganda yalishika moto upesi, mwali mrefu unaonguruma, nami nikafurahi. Kwetu tulikuwa tukiyachoma, ni kweli, lakini shambani, mahali pa wazi, na watu wakikaa upande usiokuwa na moshi. Hilo sikulikumbuka. Upepo wa baharini ulikuwa unapuliza moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba, na moshi mweusi ukarudi ndani. Nilifungua mlango wa jiko kupunguza kwa mkono maganda yaliyokuwa bado hayajashika moto, moshi ukanipiga usoni. Macho yalijifumba. Koo likawaka kama nimemeza pilipili. Nilikuwa napapasa ukuta nisiuone mlango, mpaka mkono mmoja ukanishika nguo mgongoni ukanivuta hadi uani kwenye mvua.

Wazazi wangu walinikuta nimeketi chini, mama mkwe akinimwagia maji usoni kata baada ya kata. Pilau ilikuwa inanuka moshi ule, hakuna aliyeweza kuila. Mama mkwe akapanga mawe yake barazani, akatoa fungu lake kavu, akapika ugali na samaki. Wazazi wangu walikula Idi hiyo, na baba yangu akasema chakula ni kitamu.

Kesho yake uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki mistari miwili, mikono ina malengelenge. Ngozi ilibambuka kwa wiki nzima na zaidi. Mama mkwe alinilisha uji kwa kijiko. Nilikuwa nangoja aniambie, "Si nilikwambia?" Nilijiandaa hata na jibu. Siku zikapita, hakusema.

Nilipopona nilimwomba anichukue porini. Tulitembea sana siku hiyo. Alinionyesha kupima kijiti mkononi, kukigonga na kingine nisikilize kama kinalia au kinanyamaza, kunusa palipovunjika. Tukiwa tumepumzika nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kuchagua hivi.

"Siku tulipovuka mto ilikuwa mvua kama hii," alisema. "Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa anatetemeka. Kuni kavu hakuna. Nilikuwa nimebeba mchi wangu wa mpingo, wa mama yangu. Ndiyo ilikuwa kuni yangu nzuri kuliko zote. Niliuchoma. Tangu siku hiyo nachagua mapema, na fungu kavu halikosi kwangu."

"Na mtoto?"

"Alipata joto." Akafunga mzigo wake, tukaondoka.

Tuliishi naye miaka minane. Jiko tulilitumia, kwa kuni alizochagua na mkaa kidogo juu yake, na mikate ikaiva. Nchi yao ilipopata uhuru akasema anarudi. Tulimsindikiza hadi Kitaya, mume wangu akaenda kuulizia mtumbwi, tukabaki wawili ukingoni. Jambo lilikuwa limenikaa moyoni miaka yote ile.

"Mama," nilimwambia, "siku ile ya moshi nilikujibu vibaya. Sikukuomba radhi."

"Ungeombaje? Midomo ilikuwa imevimba namna ile."

Tukacheka, mimi huku nikilia. Kisha akanishika mikono, akaigeuza juu na chini kama anayekagua kitu anachotaka kukinunua, akaona hakuna kovu, akaridhika. Alipanda mtumbwi akakaa akitazama kwao. Mwezi uliofuata mtu aliyevuka kuja kuuza mahindi alituletea habari kwamba amefika salama, nyumba ameikuta haina paa, na ameanza kulima.