Injini ya Maulid na Harusi ya Najat

Maulid Ussi, fundi wa Unguja, alikuwa na ugonjwa mmoja: Benz, muundaji magari wa Ujerumani. Najat, bintiye, alilala utotoni kwa habari za Mjerumani huyo: injini yake ya kwanza ilivyomgomea hadi mkesha wa kuingia mwaka 1880, na gari lake la magurudumu matatu alivyosita kulipeleka safari ndefu. Mwaka 1888 mke wa Benz akachoka kungoja. Akapakia wanawe wawili garini, akaondoka bila kumuaga, akenda zaidi ya kilomita mia. Mume alipata habari kwa telegramu, kwamba wamefika salama.

Mwaka 1998, hapa Guangzhou, China, Maulid, mwenzetu katika biashara ya injini, aliiona injini kuukuu ya Benz, silinda moja, kwenye vyuma chakavu. Nusura alie. Akainunua aende nayo nyumbani, harusini kwa Najat.

Sisi wauza injini za mtumba tuna mazoea yetu: haipandi kontena bila kukwanguliwa na kupakwa rangi ya fedha, imng'alie mteja wa Dar. Maulid, anayemjua Benz kuliko sisi sote, mkono ukamtangulia. Akakwangua mpaka namba ya kiwandani! Nilimfokea, lakini nilikuwa nimechelewa.

Bandarini Huangpu, namba ya kwenye karatasi haikuonekana kwenye chuma. Injini ikazuiwa kwa kushukiwa ni ya wizi, na pasi ya kusafiria ya Maulid ikachukuliwa mpaka uchunguzi uishe. Wekesa, wakala wetu Mkenya, alikwenda forodhani mara nne.

"Meiyou, buda," alimwambia Maulid. "Hakuna clearance, na passport haitoki. We tulia tu."

Atulie vipi? Yeye ndiye walii wa Najat, wa kumuozesha, na harusi imeshaahirishwa mara mbili. Akawa anazunguka chumbani kwake Sanyuanli, kitandani hadi dirishani, akiogopa hata kwenda dukani bila pasi. Nilimkasirikia, na nilimwonea huruma.

Alhamisi nilimleta ofisini kwangu, na Najat akapiga simu, nikaiweka kwenye spika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nivumilie wiki mbili tu, nakuja kukuozesha mwenyewe."

"Baba, mke wa Benz alingoja?"

Maulid alinitazama nimsaidie.

"Hakungoja," akasema mwishowe.

"Basi mpe uwakala ami Murshid. Yupo hapa."

Murshid akapewa simu, na Maulid akamwambia: "Murshid ndugu yangu, nimekupa uwakala umuozeshe binti yangu Najat."

Ijumaa, siku ya ndoa, Maulid alikuja ofisini amevaa kanzu ya harusi, rangi ya fedha ingali kwenye kucha. Akakaa kando ya simu kungoja, kama Mjerumani wake, aambiwe kwamba ndoa ya Najat imefika salama.