Wakimbizi Wote au Wowote

Mwaka 2017 Masika alikuwa akishona sketi za shule katika chumba cha kupanga La Rochelle, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika. Mwenye nyumba, aliyewavumilia wapangaji kupiga muziki na kupigana, hakuvumilia cherehani. Alimpa hadi Jumatatu: itoke mashine au atoke yeye.

Mahali pekee alipopamudu ni ukumbi wa chama cha wasemaji Kiswahili wa mtaa, wenye meza sita za biashara, mbili zikiwa zimetengwa kwa wakimbizi. Zote mbili zilishikwa na Mama Célestine, msusi kutoka Bukavu, aliyekwisha kutambuliwa rasmi kuwa mkimbizi na sasa ana saluni nyingine Kensington, mtaa wa wenye uwezo jijini humo. Masika, wa Butembo, alikuwa bado na karatasi ya kuomba hifadhi, ile ya kupangia foleni kila inapokaribia kufa. Aliomba jambo moja: wakimbizi wagawanywe, waliotambuliwa na wanaosubiri, kila upande meza moja.

Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti Gaston, fundi simu wa Lubumbashi, alifungua kikao.

"Huku ni kutugawa," alisema Célestine. "Sisi wote tulikimbia. Leo mnatukata vipande viwili, kesho mtauliza nani alikimbia mbio zaidi!"

"Wewe, Mama, ulikimbia mpaka Kensington," Masika akajibu.

Watu wakacheka. Célestine hakucheka.

Gaston akamgeukia Wakili Mwaniki, Mkenya aliyeandika katiba ya chama. Siku za kazi, ofisini kule Midrand, Mwaniki hulipwa kubishana kama Weusi wa sheria ya ajira ya nchi hiyo, inayowahesabu humo hata Wahindi na machotara, waweza kugawanywa tena: Waafrika, Wahindi, machotara, kila kundi na fungu lake. Jumapili hubishana bure, na kwa hiyo kwa moyo zaidi.

"Katiba inasema meza mbili ni za wakimbizi wote," alisema. "Mimi niliandika wowote."

"Tofauti yake nini, Wakili? Si herufi mbili tu?"

"Herufi mbili na meza moja, Papa Gaston. Wowote, ni mkimbizi yeyote aliyewahi kufika, basi. Wote, ni kwamba hakuna wa kusahauliwa, na chama kina ruhusa ya kugawa ili kila upande ufikiwe. Hatumtoi mtu kwenye ukimbizi. Tunagawa meza."

"Na nani alibadilisha?" Gaston aliuliza.

Siku ya kupitisha katiba, Wakongo waliona hilo "wowote" ni kigugumizi cha Kikenya, wakalinyoosha. Walipiga kura kwa mikono. Aliyetoa hoja alikuwa Mama Célestine.

"Eish," alisema Gaston.

"Nilinyoosha mkono kwa ajili ya Kiswahili kizuri," Célestine alipaza sauti, "si kwa ajili ya Masika!"

"Asante hata hivyo, Mama," alisema Masika, lakini vidole vyake vilikuwa vikisokota pindo la kitenge.

Kura zikapigwa. Gaston alihesabu, akahesabu tena kwa Kifaransa, pengine matokeo yangekuwa tofauti. Hayakuwa. Wanaosubiri walipata meza moja, kwa tofauti ya kura mbili.

Masika hakungoja sala ya kufunga. Alitoka, akarudi na cherehani kichwani, akaitua juu ya meza ya dirishani. Célestine alikuwa amekaa hapo hapo, mikono kifuani, miguu imeziba soketi ya umeme.

"Mama, inua miguu nichomeke waya."

Célestine akainua mguu mmoja.