Kitabu cha Kwapani

Abla Nagwan, abla ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike, amefundisha chelo, ile fidla kubwa, hapa mtaani Shubra miaka thelathini na moja, na somo lake la kwanza halina chelo. Anakumiminia chai ya moto kwenye glasi, anakwambia, "Shika." Ukiibana, unaungua. Ukiilegeza, inaanguka. Vidole vikishajijua, anakupokonya glasi na kukutia upinde mkononi. "Hivyo hivyo, mwanangu. Bega liache lipumzike, limekukosea nini?"

Sisi wa zamani tulifundishwa na Ustadhi Shawkat, mkuu wa chuo chetu cha muziki, kwa kitabu kinene unachobana kwapani huku unapiga. Kikianguka, umefeli. Mimi kilinipatia cheti, pamoja na bega ambalo mpaka leo haliniruhusu kuchana nywele zangu mwenyewe. Na ukatili huo wanauita adabu!

Mwaka huu Shawkat akakirudisha kitabu kwenye mtihani. Watahini tulikuwa wawili, yeye na mimi. Akaingia Yusriya, binti wa fundi viatu, mwanafunzi wa Abla. Akifeli, anafukuzwa chuoni. Alivuta upinde mara moja tu, mkono mzima ukafunguka, sauti ikajaa chumba. Kitabu kikaanguka puu!

"Kafeli," akasema Shawkat.

Abla, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakiokota, akakibana kwapani mwa Shawkat, kisha akamsogezea glasi ya chai iliyokuwa mezani.

"Kunywa, Ustadhi."

"Una wazimu, mama?"

"Kunywa tu. Si wewe bingwa wa kitabu?"

Akajaribu, mbishi yule. Kiwiko hakikuinuka, akaifuata glasi kwa shingo kama kuku. Chai ikamwagikia tai, kitabu kikaanguka.

"Haya, na wewe umefeli," akasema Abla. "Funga virago."

Nilicheka mpaka machozi. Shawkat hakucheka. Alifuta tai yake, akaandika "amefeli", akatia saini, akanisukumia karatasi. Bila saini yangu isingekuwa na maana yoyote.

Nikasaini. Mimi niliyejua yote, mimi mwenye bega hili! Hasira niliyonayo kwa Shawkat si kitu mbele ya hii niliyonayo kwa nafsi yangu.

Yusriya alifunga chelo yake. Abla hakunitukana, na heri angenitukana. Aliutazama mkono wangu ulioshika kalamu, kiwiko kimegandamana na ubavu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Wewe kitabu chako hakijaanguka bado."